Kalibu ya Bilauri za Maharusi

Donge la kwanza la kioo alilochota Inspekta Vlasta Hradilová lilidondoka sakafuni kabla hajapiga hatua ya tatu. Lilitua karibu kabisa na kiatu chake, jekundu, likajinyoosha kivivu kama asali iliyomwagika, kisha likaanza kupasuka lenyewe.

“Umeacha kuzungusha,” alisema Mzee Otakar Rýdl, fundi aliyewafundisha kupuliza kioo. Alilisukuma donge pembeni kwa ncha ya kiatu. “Ukiacha kuzungusha, mama, kioo kinakwenda kinakotaka chenyewe. Chota lingine.”

“Na mimi nilidhani polisi ndio mabingwa wa kutuzungusha,” alisema mwanafunzi mwenzake inspekta.

Huyo alikuwa Hynek, dereva wa tramu mstaafu kutoka Ostrava. Binti zake walikuwa wamemlipia darasa hili kama zawadi ya kutimiza miaka sabini. Aproni ya kiwanda ilimkaa tumboni kama leso, na tangu saa nne asubuhi mdomo wake haukuwa umefungwa.

“Wewe subiri zamu yako,” Hradilová alimjibu. “Tutaona nani atacheka.”

Inspekta hakuja kwenye kiwanda cha kioo cha kijiji cha Jedlina kucheza. Wiki tatu nyuma, kalibu ya zamani kuliko zote kiwandani hapa ilitoweka stoo. Ilichongwa kwa mti wa mpeasi na babu yake Mzee Rýdl, na kila bibi harusi wa kijiji, kwa miaka sitini, alinywea bilauri iliyopulizwa ndani ya kalibu hiyo. Stoo ina funguo mbili tu. Mmoja anao mkurugenzi, Bwana Vrba. Mwingine alikuwa nao Radmila Šourková, mwanamke anayepokea wageni wa darasa.

Hradilová alikwisha kumfuatilia muuza vitu vya kale aliyehudhuria darasa siku ile ile akiwa na begi kubwa. Alimkuta mjini Liberec, akalifungua begi mwenyewe. Mlikuwa na mashine ya kumsaidia kupumua usingizini. Ikawa ameenda kilomita sitini kumwaibisha mgonjwa, akarudi mikono mitupu.

Basi Bwana Vrba akachoka kungoja. Jana alimwita Radmila ofisini, akampa barua. Leo saa tisa alasiri atie saini kwamba uzembe ulikuwa wake na aache kazi, la sivyo mkurugenzi ataandikisha kwamba ameiba. Radmila alisema atasaini. Hakujitetea hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililomkera inspekta. Mtu akishasaini, faili linafungwa, na jina la mtu katika kijiji cha kaya tisini haliji kufuliwa tena. Tayari dukani wanawake walikuwa wananyamaza Radmila akiingia. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na Jedlina walikuwa wameshaamua kwamba lipo.

Kwa hiyo inspekta aliacha kutafuta nje. Alilipia darasa kama mgeni yeyote, akataka kupita pale pale alipopita mwizi, hatua kwa hatua, kwa mikono yake.

Akashika bomba la chuma kwa mara ya pili. Lilikuwa refu kumzidi, zito upande mmoja, na mdomo wa tanuri ulimchoma nyusi. Alilizamisha, akalizungusha, akalitoa. Safari hii donge lilikaa. Mzee Rýdl alimpeleka kwenye benchi, akamwekea kiganjani gazeti lililokunjwa na kuloweshwa maji.

“Lishike kama unavyomshika mtoto kidevu. Usiogope, moto unaogopa maji.”

Gazeti lilitoa moshi mkononi mwake. Donge likaanza kuwa duara. Alisikia uzito wake ukihama kila alipopunguza mwendo, na kila mara Mzee alijua kabla yake.

“Zungusha. Zungusha. Sasa puliza. Si hivyo, hupulizi puto la watoto. Kidogo tu, halafu ziba kwa kidole, hewa ikijipasha ndani itafanya kazi yenyewe.”

Ndani ya donge kulizuka kiputo kidogo. Hradilová, mwanamke wa miaka hamsini na mbili aliyekwisha kukamata wauaji wawili, alijikuta anatabasamu hadi magego.

“Umeona sasa,” Mzee alisema. “Watu wote hucheka hapo. Jana alikuja jaji, naye kacheka.”

“Na mimi nitacheka?” aliuliza Hynek.

“Wewe hujaacha tangu asubuhi. Njoo ushike kalibu.”

Kando ya benchi ilikuwepo ndoo pana ya mabati, imejaa maji meusi ti kama wino. Mzee alitia mkono ndani mpaka kiwiko, akapapasa, akatoa kalibu ya wageni: vipande viwili vya mti vilivyoungwa kwa bawaba, na mikono miwili mirefu ya kufungulia na kufungia. Ilikuwa nyeusi, inachuruzika.

“Maji yamekuwaje?” aliuliza inspekta.

“Makaa. Kila kioo kinachoingia kinaunguza mti kidogo. Makaa ndiyo yanayong'arisha kioo. Haya, shusha bomba. Hynek, funga. Mama, zungusha na upulize pamoja, usipozungusha kitatoka na mshono.”

Mvuke ulipanda ukawameza wote watatu. Hradilová alipuliza mpaka masikio yakamziba. Kalibu ilipofunguliwa, mbele yao kulining'inia bilauri, au kitu cha ukoo wa bilauri: imeinama upande wa kushoto, mdomo mnene kuliko kitako.

“Imelewa,” alisema Hynek.

“Ni ya kwanza,” Mzee alimkata. “Ya kwanza haitukanwi.” Aliipokea, akaigongagonga shingo ikakatika, akaiingiza kwenye tanuri la kupozea. “Utaichukua kesho. Ukiitoa leo itapasuka kabla hujafika nyumbani.”

Nyuma yake Hynek alikuwa ameiweka kalibu juu ya benchi, mahali pakavu, karibu na moto, akajifuta jasho. Mzee Rýdl aligeuka akaiona. Uso wake ukabadilika. Alivuka sakafu kama kijana, akainyakua, akaizamisha kwenye ndoo mpaka maji yakaruka suruali ya Hynek.

“Unataka kuiua?”

“Nimeiweka dakika moja tu, fundi. Ubao huo.”

“Ubao ni wa kitanda. Hii haikauki. Haikauki usiku, haikauki Jumapili, haikauki Krismasi. Ikikaa kavu wiki mbili inachanika kama kisigino cha maskini, na hakuna gundi duniani. Mwaka kiwanda kilipofungwa, wanaume wote hapa walibeba kalibu zao nyumbani, wakaziloweka mabafuni. Wake zetu walioga kwa karai miezi mitano.” Aliitazama suruali ya Hynek iliyolowa. “Samahani. Nimekufokea na wewe ni mgeni.”

“Mimi nimefokewa na abiria miaka thelathini na nane,” alisema Hynek. “Wewe unafoka kwa adabu.”

Inspekta alichuchumaa kando ya ndoo, akakunja mkono wa shati, akatia mkono ndani. Hakuona hata vidole vyake mwenyewe. Alipapasa kalibu, akapima kwa kiganja nafasi iliyobaki chini yake. Pangekaa nyingine.

“Mzee Rýdl, ndoo hii mnaimwaga wapi?”

“Nje, kwenye mfereji. Kila darasa likiisha.”

“Nani anaibeba?”

“Mimi.”

“Kalibu za darasa huzitoa stoo nani?”

“Nazitoa mimi kwenye maji yake, Radmila akishafungua mlango. Yeye hushughulika na wageni.” Alijifuta mikono polepole. “Twendeni tukale. Nyama imeiva.”

Nyama ilikuwa imekaa tangu alfajiri kwenye pembe ya tanuri la kupozea, kipande cha nguruwe na vitunguu ndani ya sufuria ya udongo, kama walivyokula mafundi wa Jedlina siku zote. Walikula kwa mkate na bia nyepesi. Hynek aliulizia siri ya kiungo, akaambiwa ni jasho la fundi, akaongeza. Hradilová alikula huku daftari likiwa wazi pajani. Alikuwa amefungua maelezo ya wiki tatu zilizopita, yale aliyoyaandika mwenyewe.

Bwana Vrba aliuliza bima italipa lini. Radmila alisema hakuona kitu. Mzee Otakar Rýdl alisema: ilikuwepo asubuhi, kesho yake haikuwepo, ni kazi ya babu yangu, basi. Mistari minne. Alisoma ile minne mara mbili.

Hynek alipoaga kwenda kununua shanga za binti zake, inspekta alifunga daftari.

“Nitembeze mpaka kwako, Mzee. Nimeambiwa unakaa juu, karibu na msitu.”

“Kuna nini kwangu? Mimi mjane.”

“Nataka kunyoosha miguu.”

Njia ya kutoka ilipita ukumbi wa wageni. Palikuwa na kabati jipya la vioo, taa nne zinawaka ndani yake, na kibao kilichoandikwa kwa dhahabu: Kalibu ya Maharusi. Ndani mtupu. Hradilová alisimama akaweka kiganja kwenye kioo. Kilikuwa cha moto. Mzee alikuwa amepita bila kugeuza shingo, tayari yuko mlangoni.

Walipanda kilima pamoja. Mzee hakuwa anasikia vizuri, mngurumo wa tanuri ulimla masikio, kwa hiyo inspekta alingoja mpaka walipofika kwenye kinjia chenye utulivu.

“Umemfokea Hynek kwa dakika moja,” alisema. “Kalibu ya wageni, ya mwaka juzi, ambayo mnaweza kuchonga nyingine wiki hii.”

“Nimeomba radhi.”

“Sikulaumu. Nauliza jambo jingine. Wiki tatu zimepita tangu ya babu yako ichukuliwe. Nimekuhoji mara mbili. Hukuniuliza hata mara moja kama huyo mwizi anajua kuiloweka. Hukusema, mama inspekta, fanya haraka, inakauka. Mtu mwingine yeyote kiwandani, sawa. Wewe?”

Mzee Rýdl aliendelea kupanda. Alipumua kwa nguvu, na kilima hakikuwa kikali kiasi hicho.

“Hukuhofu,” alisema Hradilová, “kwa sababu unajua iko majini.”

“Nani mwingine anajua?”

“Mimi tu. Mpaka sasa.”

Mzee alimwongoza mpaka nyuma ya nyumba yake, bila ubishi. Palikuwa na hodhi la mawe lililolishwa na chemchemi, mahali ambapo marehemu mkewe alipozea maziwa. Aliinua kifuniko cha mbao. Chini ya maji safi, juu ya kitambaa kilichokunjwa vizuri, ililala kalibu ya maharusi. Alikuwa ameizungushia kamba ili bawaba isifunguke.

“Niliitoa ndani ya ndoo, chini ya ile ya wageni,” alisema. “Mchana kweupe. Nani anamtazama fundi mwenye ndoo? Vrba alitaka kuiweka ndani ya lile kabati, chini ya zile taa, watu waipige picha. Nilimwambia itapasuka. Akasema wataipaka mafuta. Nikamwambia tena. Akasema, Mzee, ni mbao tu, wewe unaifanya kama mtu. Ningefanyaje? Yule ni babu yangu. Nilimwona akiichonga, nikiwa nimekaa juu ya maranda.”

“Ungeniambia mimi.”

“Ungeniuliza ni kosa gani la jinai kukausha mbao.”

Hradilová alitazama saa yake. Ilikuwa saa nane na nusu.

“Mzee, unajua kwamba Radmila anasaini leo saa tisa?”

“Anasaini nini?”

Inspekta alimweleza. Alilazimika kurudia, kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu mara ya kwanza alidhani Mzee hakusikia. Mzee alikuwa amesikia.

“Hapana,” alisema. “Jana kaniletea mkate. Huniletea kila siku ya pili tangu mke wangu afe. Kakaa pale jikoni, kanywa kahawa, kanisimulia habari za paka wa jirani. Hakusema.”

“Kijiji kizima kinajua.”

“Mbona hawakuniambia?”

“Wamekuonea haya. Wanajua ni kama binti yako.”

Mzee Rýdl alipiga magoti kwenye mawe yaliyolowa, akatia mikono yote miwili majini. Aliitoa kalibu, akaifunga kwa gunia bichi, akaikumbatia kifuani. Inspekta alijitolea kuibeba. Alikataa kwa kichwa. Walishuka kilima kwa mwendo ambao inspekta hakuwa amemdhania, maji yakimchuruzika tumboni na magotini, watu wakitoka kwenye vibaraza kutazama. Mwanamke mmoja alijishika mdomo. Mzee hakumsalimia mtu.

Bwana Vrba, mtu mwembamba wa suti, alikuwa ameketi nyuma ya meza. Radmila alikuwa amesimama mbele yake, kalamu mkononi, nywele amezifunga kama mtu anayekwenda kanisani. Barua ilikuwa mezani. Mzee aliingia bila kubisha, akaiweka kalibu juu ya barua, gunia na vyote. Maji yakasambaa, wino ukaanza kutembea.

“Niliichukua mimi,” alisema. “Huyu muacheni.”

Mkurugenzi alisimama, akaketi tena. Alimtazama inspekta.

“Ni kweli,” alisema Hradilová. “Nimeikuta kwake, ndani ya maji, haina ufa hata mmoja. Maelezo nitayaandika sasa hivi.”

“Mzee Rýdl,” Vrba alisema, “miaka arobaini na sita uko hapa. Kwa nini hukuniambia?”

“Nilikuambia mara mbili.”

Vrba alikwepa macho yake. Ilionekana amekumbuka zote mbili.

Radmila alikuwa bado ameshika kalamu. Hakuonekana kushangaa, na Hradilová, ambaye kazi yake ni kutazama nyuso, alimgeukia.

“Wewe ulijua.”

“Nilimwona anainua ile ndoo,” Radmila alisema. “Siku zote huinyanyua kwa mkono mmoja. Siku ile alitumia miwili.”

“Ukanyamaza?” Mzee aliuliza. “Umenywa kahawa kwangu, ukanyamaza?”

“Mimi nina miaka arobaini na moja, baba. Nitauza tiketi kwingine, nitafagia hoteli. Wewe ukifukuzwa hapa, ungekwenda wapi?”

Mzee Rýdl alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. Alilia waziwazi, mikono yake mikubwa imelala magotini, haifichi kitu. Radmila naye akalia, lakini kwa hasira, akijifuta kwa nyuma ya mkono.

Hradilová akafungua daftari mbele ya mkurugenzi.

“Mlalamikaji ni wewe, Bwana Vrba. Mali imerudi, nzima. Kuna mtu ametunza mali ya kiwanda vizuri kuliko kiwanda kilivyokusudia, na hilo pia nitaliandika, kwa sababu ndivyo ilivyo. Unaendelea na mashtaka, au huendelei?”

Vrba aliitazama kalibu. Gunia lilikuwa limeteleza, na upande mmoja wa ule mti mweusi ulikuwa umeanza kufifia, kijivu, pale ulipopigwa na jua la dirishani. Akavuta ndoo ya taka, akamwaga makaratasi yote sakafuni.

“Jamani, leteni maji kwanza,” alisema. “Siendelei.”

“Vizuri,” alisema inspekta, akaandika. “Basi mimi nimemaliza.”

“Mimi sijamaliza,” alisema Radmila.

Wote walimgeukia.

“Siku tisa naingia dukani watu wananyamaza. Mkate wako, baba, nimeununua kimya kimya huku wananitazama mfukoni. Nilikuwa tayari kuondoka nao huo mzigo. Sasa siondoki, kwa hiyo siubebi tena. Nataka barua. Iandikwe sikuiba, iandikwe nani alichukua na kwa nini, ibandikwe kwenye mlango wa duka.”

“Nitaiandika leo,” Vrba alisema haraka. “Katibu ataibandika.”

“Si katibu.” Alimtazama Mzee, macho bado mabichi. “Aibandike yeye. Mchana, watu wakimwona.”

Hradilová alimtazama Mzee Rýdl. Mtu aliyeishi miaka sitini na minane katika kijiji kimoja, na kila bilauri ya harusi kwenye kila kabati imepita kwenye pumzi yake.

“Ana haki,” alisema Mzee. Alisimama, akavuta karatasi safi kutoka kwenye rundo la mkurugenzi. “Andika wewe, Vrba, mwandiko wangu mbaya. Saini ni yangu.”

Mkurugenzi aliandika. Mzee alisoma kila mstari kwa kidole, akamwambia afute neno *aliazima* na aandike *alichukua*, kisha akasaini. Ilikuwa saa tisa na robo. Alikunja barua, akaomba gundi, akashuka kwenda dukani, wakati ambapo gari la mikate ndio kwanza limefika na wanawake wote wa Jedlina wako kwenye foleni.